Uyoga unaofunga sumu ya migodi si wa kutia chunguni

Na Mwandishi Wetu, Kasumbalesa

MVUA za Novemba zikishalainisha ardhi, barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa hugeuka soko la uyoga. Akina mama hukaa kando ya lami na mabeseni yao, na gari likipunguza mwendo tu, wanalizunguka. Kuna chitondo wa rangi ya chungwa, kuna kabansa, kuna tente mwenye kofia pana. Ukivuka mpaka na kuingia Zambia, kuanzia Chililabombwe hadi Ndola, mabeseni ni yale yale na majina ni karibu yale yale, kwa sababu msitu wenyewe ni mmoja. Mpaka ndio uliokuja baadaye.

Kwa wasomaji wetu wanaovuka hapo kila wiki, uyoga ni biashara. Ule mbichi unauzwa siku hiyo hiyo, mkavu unafungwa magunia na kusafiri mbali. Kwa hiyo sikushangaa nilipoulizwa na watu wawili, katika mwezi mmoja, swali linalofanana: je, ni kweli kwamba uyoga unaweza kuondoa sumu ya migodi ardhini?

Wa kwanza ni mzee mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Kala, mkoa wa Luapula, kabla kambi hiyo haijafungwa mwaka 2010. Alikaa miaka kwa ndugu zake, kisha akapata kiwanja cha bei nafuu pembezoni mwa Lubumbashi, upande ule ambako moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa ukipeperushwa. Amesikia kwamba kuna "dawa ya uyoga" inayosafisha udongo, naye anataka kulima mboga.

Wa pili ni mama anayenunua uyoga vijijini na kuuleta Kasumbalesa. Yeye aliligeuza swali: "Papa, kama uyoga unanyonya sumu, sasa mimi ninauza nini?"

Kwa maoni yangu swali la mama huyu ndilo lililogusa penyewe. Hata hivyo wote wawili wanastahili jibu.

Metali haiozi

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, jambo hili ni la kweli. Kuvu, yaani jamii nzima ya uyoga, ukungu wa mkate na hamira ya pombe, zina uwezo wa kukamata metali nzito, na wataalamu wamelichunguza jambo hilo kwa zaidi ya miaka 40.

Lakini kuna sumu na sumu. Mafuta ya gari yakimwagika udongoni, zipo kuvu zinazoweza kuyavunjavunja mpaka yakaishia kuwa maji na hewa ya ukaa. Shaba haivunjiki hivyo. Risasi haivunjiki. Kobalti, zinki, kadmi na aseniki haziozi, wala haziliwi zikaisha. Kuvu inaweza kuzishika, kuzifunga, kuzihamisha au kuzigeuza umbo, basi. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia kwamba uyoga wake "umesafisha" shamba, mwulize: hiyo metali sasa iko wapi?

Swali hilo si la darasani. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Dohani lake na mlima mweusi wa mabaki ulio kando yake ndiyo alama ya mji, na kila aliyerudi kutoka mbali hujua amefika nyumbani akiviona. Kwa miaka mingi upepo wa kusini mashariki ulibeba moshi na vumbi la kiwanda na kulimwaga kaskazini magharibi. Penga Penga ni mtaa mmojawapo uliopokea zawadi hiyo. Udongo wake una shaba, zinki, risasi, kadmi na kobalti, tena umekuwa mchachu kiasi kwamba mahali pengine hapaoti hata majani.

Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa mahali popote kwa raia wa kawaida wasiofanya kazi viwandani.

Wenye malori wanaoshuka hadi Lusaka wanapita Kabwe, na huko hali ni nzito zaidi. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe ulifanya kazi tangu mwaka 1906 hadi 1994. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watoto 246 wa mitaa ya Chowa, Kasanda na Makululu walipimwa damu, na wote bila kubaki hata mmoja walikuwa na risasi zaidi ya mikrogramu 5 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kazi ifanywayo gizani

Ukichimbua taratibu chini ya mti wa miombo mpaka ukafikia mizizi ile midogo kama nywele, utaona nyuzi nyeupe zimeizingira. Hiyo ndiyo kuvu yenyewe. Uyoga tunaouchuma ni tunda lake tu, linalochomoza mvua ikinyesha na kupotea siku chache baadaye. Nyuzi huivaa mizizi kama soksi. Mti huzipa sukari, nazo huuletea mti maji na chakula kutoka mahali ambapo mizizi haifiki.

Chitondo, kabansa na tente zote ni matunda ya ndoa hii ya kuvu na miti. Kabansa, kwa njia, jina lake la kienyeji lilichukuliwa na wanasayansi waliouandika mwaka 1980, nao leo unaitwa Lactarius kabansus katika vitabu vya dunia nzima. Si kila siku bibi zetu wanaingia katika Kilatini.

Udongo ukiwa na metali nyingi, nyuzi hizo huwa kama mlinzi wa mlangoni. Ukuta wa nyuzi umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi na la kaa, na metali hunata hapo kama vumbi kwenye nguo iliyolowa. Inayopenya ndani hufungwa na kuwekwa katika vifuko ndani ya seli. Isitoshe, kuvu nyingi hutoa asidi ya oksaliki, ambayo ikikutana na shaba hufanya chembe ngumu zisizoyeyuka kirahisi katika maji. Shaba haijatoka udongoni, ila imefungiwa, na mmea hauinywi kwa wingi kama mwanzo.

Kuhusu risasi, mwaka 2012 Profesa Geoffrey Gadd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uingereza, walionyesha kwamba kuvu fulani za udongoni zinaweza kuigeuza risasi ya chuma kuwa piromofaiti. Hilo ni jiwe la risasi na fosfeti, mojawapo ya maumbo ya risasi yaliyo magumu zaidi kuyeyuka. Fikiria maana yake kwa mtoto wa Kabwe anayecheza vumbini na kupeleka vidole mdomoni. Risasi ikiwa katika umbo hilo, sehemu kubwa yake inapita tumboni bila kuingia damuni.

Ila tusiharakishe kushangilia. Kazi ile ilifanywa maabara, si katika mtaa wa Makululu, na bila fosfeti ya kutosha jiwe hilo haliumbiki. Pia kuna suala la mlima wenyewe. Ripoti ya Human Rights Watch ya Machi 2025 ilieleza jinsi mabaki ya mgodi wa Kabwe yanavyoendelea kuchimbwa na kusafirishwa. Udongo wa uani utafungwaje na kuvu wakati vumbi jipya linatua juu yake kila kiangazi?

Mahali ambapo kuvu huondoa metali kweli kweli ni katika maji. Hapo hata haihitaji kuwa hai. Mwaka 1981 watafiti Tsezos na Volesky wa Montreal, Kanada, walieleza jinsi ukungu mfu uitwao Rhizopus arrhizus unavyokamata urani na thori kutoka majini. Hamira inayobaki katika viwanda vya bia nayo hushika shaba na risasi. Maji machafu hupitishwa katika kuvu hiyo iliyokaushwa kama chai katika chujio, metali hubaki, kisha huoshwa kwa asidi na kukusanywa. Hapo ukiuliza metali imekwenda wapi unaonyeshwa chupa.

Njia hiyo inafaa kwa maji yanayotoka kiwandani kidogo kidogo. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipopasuka karibu na Chambishi, Zambia, na maji yenye asidi kumwagika hadi mto Kafue, wakazi wa Kitwe walikatiwa maji. Gharika kama ile haina chujio la kuizuia.

Somo la misonobari

Sasa niwapeleke Ubelgiji kidogo, na sababu ipo: shaba nyingi ya Katanga ilikwenda kusafishiwa huko, na nchi ile nayo ina viwanja vyake vilivyoharibika. Huko Lommel, kaskazini mwa nchi, kulijengwa kiwanda cha zinki mwanzoni mwa karne ya 20. Jirani yake kuna misonobari inayoota katika udongo ambao kwa kawaida ungeiua.

Jan Colpaert na wenzake waliichunguza kuvu inayoishi na misonobari hiyo, iitwayo Suillus luteus. Waligundua kwamba ile ya karibu na kiwanda inastahimili zinki nyingi kuliko ndugu yake wa aina hiyo hiyo aliyetolewa katika msitu safi. Ndani ya miaka mia hivi, kuvu ilikuwa imejirekebisha. Walipoipandikiza katika miche, miche yenye kuvu iliyozoea sumu ilikua vizuri, na ile yenye kuvu ya msitu safi ikadhoofika.

Afrika tulikwishapata somo linalofanana na hilo, ingawa halikuhusu sumu. Misonobari ilipoletwa kwa mara ya kwanza, miche katika bustani nyingi iligeuka njano na kufa. Haikushika mpaka wataalamu wa misitu walipochanganya udongo wa bustani na udongo uliochotwa chini ya misonobari iliyokwisha kukua. Walikuwa wanahamisha kuvu, hata kama wapo ambao hawakujua hivyo.

Kwa hiyo ninaposikia habari za kufunika ardhi ya migodi kwa miti, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama mizizi ya miche hiyo ina kuvu. Mche wa bustani uliooteshwa katika mfuko wa plastiki kwa mchanga mtupu ni kama bwana harusi aliyekuja peke yake.

Penga Penga kwenyewe majaribio yamefanyika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitia chokaa na mbolea ya takataka katika udongo uliokuwa mtupu, kisha wakapanda majani ya asili yanayoota katika vilima vya shaba vya Katanga, yakiwamo yaitwayo Microchloa altera. Matokeo ya miaka mitatu yalichapishwa mwaka 2015, na majani hayo yalikuwa yameshika. Shaba haikupungua. Lakini udongo ukivikwa majani, upepo haubebi vumbi kama zamani na mvua haichukui tope hadi kisimani. Naona hayo ni mafanikio makubwa kuliko "dawa" yoyote ninayosikia ikisifiwa mpakani.

Na hapa lazima nitaje makala, yaani makaa yetu ya kupikia. Kuvu za miombo haziwezi kuishi bila miti iliyo hai, kwa kuwa sukari zinaipata kwayo. Kila eneo linalokatwa lote na kuchomwa makala, kuvu zake hufa njaa chini ya ardhi. Mfanyabiashara wa makala na mfanyabiashara wa uyoga wanatumia msitu mmoja, tena mara nyingi ni mtu yule yule kwa misimu tofauti. Tukija kutaka kuotesha miti juu ya mabaki ya migodi, kuvu zilizozoea ardhi ya kwetu tutazitafuta wapi?

Chungu na gunia

Turudi kwa mama wa Kasumbalesa. Kuvu inayoshika metali haiiachi yote ardhini. Nyingine hupanda nayo hadi katika uyoga. Uyoga wa jamii ya Agaricus unaoota porini Ulaya unajulikana kwa kulimbikiza kadmi, na aina nyingine hulimbikiza zebaki. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, uyoga wa misitu katika nchi nyingi za Ulaya ulibeba sizi yenye mnururisho, na nguruwe mwitu wa Ujerumani wanaokula kuvu za chini ya ardhi walikutwa nayo miongo kadhaa baadaye.

Kuosha hakusaidii isipokuwa kwa vumbi la juu, maana metali imo ndani ya nyama ya uyoga. Kuchemsha na kumwaga maji kunaweza kupunguza kiasi, hakumalizi. Wanaouza mkavu wajue pia kwamba uyoga ni maji kwa asilimia 90 hivi. Kilo kumi za mbichi zikikauka hubaki kilo moja, na metali iliyokuwa katika zile kumi yote imo katika hiyo moja.

Nilimweleza hayo, kisha nikamwuliza, "Mama, huu wa leo umetoka wapi?"

"Msituni, papa."

"Msitu gani?"

Alicheka. "Wewe unauliza kama douane. Huu umetoka njia ya Sakania, mbali na migodi. Lakini wako watoto wanaookota karibu, kule kwenye miti iliyopandwa kando ya mabaki. Wanauza rahisi. Mimi nilikuwa ninachanganya."

"Na sasa?"

"Sasa nitawauliza kwanza."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Uyoga wa miombo ya mbali ni chakula kizuri, na sitaki mtu asome makala hii aache kula bukari kwa chitondo. Wa kuogopa ni ule uliookotwa juu ya mabaki ya migodi, katika mabonde yanayopokea maji yake, na upande unakoelekea upepo wa dohani. Kwa macho haujulikani, kwani uyoga wenye kadmi una sura na ladha ile ile. Kinachojulikana ni mahali ulipotoka, na anayepajua ni aliyeuchuma. Mnunuzi wa jumla asiyeuliza hapo hatakuwa na nafasi nyingine ya kuuliza, kwa sababu gunia likishavuka mpaka uyoga wote ni mmoja.

Ikiwa siku moja mamlaka zitatumia uyoga kunyonya metali kutoka ardhini, basi uyoga huo itabidi uchumwe wote, uchomwe, na majivu yake yazikwe penye ulinzi au yarudishwe kiwandani. Nani atalinda uyoga wa bure usiokotwe, katika mtaa ambao watu wanalala njaa? Ndiyo maana kwa miji yetu ninaipendelea kuvu inayofunga metali ardhini pamoja na miti kuliko ile inayoipandisha juu.

Mzee wa kiwanja hakupendezwa na maelezo yangu. "Sasa nitakula miti?" aliniuliza.

Nilimwambia yale niliyojifunza. Mboga za majani, sombe na lengalenga, asizipande katika udongo ule, kwa kuwa majani hubeba metali zaidi na kushika vumbi. Akitaka mboga, ajenge matuta yaliyoinuliwa kwa udongo ulioletwa kutoka mbali na migodi. Miti ya matunda ina nafuu, maana kwa kawaida metali kidogo ndiyo hufika katika tunda, ila matunda yaoshwe. Uani afunike ardhi kwa majani yasiyoliwa, nyumbani wafagie kwa maji, na viatu vibaki mlangoni, hasa kama kuna mtoto anayetambaa. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya kazi katika udongo wa namna hiyo, na ndiko pa kuanzia kwa anayetaka kujua udongo wake una nini kabla ya kutumia hata faranga moja.

Chokaa ndiyo iliyomvutia. Udongo mchachu huachia shaba, zinki na kadmi kwa urahisi, na chokaa huupunguzia uchachu huo, ingawa kwa aseniki haisaidii na inaweza hata kuilegeza. Chokaa tunayo pande zote mbili za mpaka: mawe ya Kakontwe karibu na Likasi, na machimbo ya Ndola. Akaniuliza ni nani kati ya wenye malori wanaorudi kutoka Ndola anayeweza kumpakilia mifuko michache, na kama ushuru wake ni ule wa saruji. La ushuru nilimwelekeza kwa mama wa uyoga, ambaye anawafahamu watu wa forodha kuliko mimi.